Lubumbashi hadi Dar kwa basi: nakwenda kumwona mpenzi ambaye hatujawahi kuonana ana kwa ana

Kafubu:

Jambo yenu wote. Mimi ni deklarant, natoa mizigo forodhani Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na nyumbani ni Lubumbashi, komini ya Katuba. Nina miaka 32.

Miaka miwili iliyopita kontena la mteja wangu lilikwama kwa sababu namba ya sili kwenye karatasi haikulingana na ile iliyokuwa mlangoni mwa kontena. Nikapewa namba ya kijana wa ofisi ya wakala wa forodha Dar es Salaam. Nilimpigia nikiwa na hasira. Akaniambia, "Dada, nipe dakika ishirini. Nikishindwa, nipigie tena unitukane." Hazikuisha hata hizo ishirini, karatasi iliyosahihishwa ikaingia kwenye simu yangu. Wiki iliyofuata akapiga mwenyewe kuuliza kama mzigo ulifika salama. Katika kazi hii nimezungumza na watu wengi wa bandarini, na hakuna aliyewahi kupiga kuuliza hilo.

Tangu hapo tunaongea kila usiku, kwake saa tatu, kwangu saa mbili, maana wametutangulia saa moja. Amenisindikiza kwa simu msiba wa mdogo wangu. Nilikuwa naye kwenye simu siku mama yake alipofanyiwa upasuaji wa jicho, tukahesabu dakika pamoja. Namjua anavyokohoa anapotaka kusema jambo zito. Lakini sijui urefu wake. Sijui harufu yake. Kwenye video namwona kuanzia kifuani kwenda juu.

Julai nina likizo ya wiki mbili na nimeamua kwenda. Mama anajua, baba bado. Mama aliniuliza tu, "Sasa ule muntu, nani anamujua?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu wa kumjua ni mimi peke yangu, na mimi mwenyewe namjua kwa sikio.

Naomba waliowahi kufanya safari ya namna hii waniambie. Nilale wapi? Nimwambie nini kabla? Na njiani nijihadhari na nini?

Mtu wa Temeke:

Karibu Dar dada. Nianze na mambo ya kawaida, hayo mengine watayasema wengine.

Kadi ya homa ya manjano usiiache dakika ya mwisho. Chanjo inahesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukichomwa kesho na kuondoka keshokutwa utasumbuliwa mpakani. Kama ulichomwa zamani na kadi unayo, usirudie: tangu 2016 ni ya maisha. Masuala ya viza nenda konsula mwenyewe, ya Zambia na ya kwetu, uulize kwa mdomo wako kabla ya kulipa nauli. Usikubali la kuambiwa na mpiga debe.

Dola zako badilisha benki au duka rasmi la fedha. Najua Kongo mnalipa kwa dola mpaka sokoni, ila huku tangu 2025 sheria inakataza kulipia bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni. Laini ya simu utasajili kwa pasipoti na alama za vidole. Basi litakushusha Mbezi Luis, stendi ya Magufuli. Siyo Ubungo, hata mtu akikuambia Ubungo.

Yaya wa Ndosho:

Mdogo wangu, mimi niko Goma. Soma hii taratibu.

2018 nilipita mpaka wa Bunagana nikaenda Kampala kwa mwanaume tuliyeongea miezi kumi na moja. Nauli alilipa yeye, ya kwenda. Ya kurudi alisema tutaipanga nikishafika. Nilifika kwa nyumba nikakuta viatu vya mtoto mlangoni, vidogo, vyekundu. Akasema ni vya mtoto wa dada yake. Usiku wa pili mwenye viatu akaja pamoja na mama yake.

Nilikuwa na dola 40. Hazikufika Goma. Nikalala siku tano kwa mama mmoja Mkongomani niliyemkuta kanisani, namfulia nguo mpaka kaka yangu akanitumia pesa. Yule mwanaume hakunipiga wala hakuniibia. Lakini zile siku mbili kwake nilikuwa nakubali kila kitu anachosema, nacheka hata pale sikutaka kucheka, kwa sababu sikuwa na namna ya kutoka mule ndani. Hicho ndicho kinaniuma mpaka leo kuliko uongo wake.

Nauli yako ya kurudi uishike wewe, kwa mkono wako, tangu siku ya kwanza. Kitanda chako ulipie wewe. Umwambie mapema, usimshtukize. Akikasirika, afadhali akasirike ukiwa bado Lubumbashi.

Na baba yako mwambie. Mtu mmoja wa damu yako ajue jina la mtaa utakaolala.

Kadutu Kwetu:

Sitaki kukukosea heshima mama, lakini huku Bukavu mwanaume ndiye anapiga hodi. Miaka miwili, na lori zinatoka Dar zinafika Lubumbashi kila siku. Kwa nini asipande hata moja?

Kafubu:

Kadutu, swali lako ni la haki na hata mama aliliuliza.

Alitaka kuja. Mimi ndiye niliyemzuia. Akiingia kwenye lupango, yaani uwanja wa nyumba, ya baba yangu, hata akija kwa siku mbili, baba atawaita wajomba, na wajomba wataanza kuulizana habari za mahari. Kwetu mwanaume wa mbali haji kutembea tu. Nikishamwona ana kwa ana na moyo ukakataa, nitarudishaje maneno ambayo wazee wameshayasema? Nimwone kwanza mimi, nikiwa peke yangu na macho yangu.

Yaya, nimesoma maneno yako mara tatu. Jana nilimwambia kuhusu gesti. Alikaa kimya, akakohoa, akasema, "Kwani huniamini?" Nikamjibu kwamba hata mzigo wa mteja ninayemwamini naukagua sili. Hakufurahi, lakini alisema sawa.

Na kwa dada wengine wanaosoma hapa, hili nalisema kama mtu wa forodha: mtu akikuambia amekutumia zawadi na imekwama forodhani, ulipe ili itoke, ukaambiwa utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu, usitume. Mzigo wa kweli una karatasi yenye namba, na ushuru unalipwa kwa risiti. Wapo wanawake waliokuja mpaka ofisini kwangu na picha ya kifurushi kwenye simu, wakiniomba niwatafutie. Hakuna hata kimoja kilichokuwepo. Mmoja alikuwa ameuza cherehani yake.

Mkazi wa Kitwe:

Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, naishi Kitwe, Zambia. Njia ni hii: Kasumbalesa, Chililabombwe, Chingola, Kitwe, halafu Kapiri Mposhi. Kuanzia Kapiri mpaka Nakonde ni karibu kilomita 800, na barabara hiyo ina malori mengi sana, usipange saa ya kufika. Nakonde ukivuka uko Tunduma, Tanzania, na hapo saa yako isogeze mbele. Kutoka Tunduma hadi Dar zimebaki zaidi ya kilomita 900.

Beba sweta la maana. Julai, Mpika usiku ni baridi, na Makambako ni baridi zaidi. Pesa usibadilishe kwa vijana wanaokukimbilia na mabunda mkononi. Watahesabu mbele yako na bado zitapungua. Kibemba chako cha Lubumbashi kitakusaidia njia nzima mpaka Nakonde.

Namba zake ziandike kwenye karatasi. Simu inaweza kupotea.

Kafubu:

Nimefika. Leo ni siku ya sita. Naandika kwa simu ya wifi, na mtaelewa kwa nini namwita hivyo.

Simu yangu iliibwa Kapiri Mposhi, usiku, wakati wa kupanda basi. Mkazi wa Kitwe, Mungu akubariki, karatasi ilikuwa ndani ya soksi. Lakini karatasi haipigi simu. Nilifika Tunduma kesho yake usiku, na mama mmoja muuza ndizi akaniazima simu yake. Iliita mara moja tu, akapokea. Hakusema halo. Alitaja jina langu. Nikamwambia niko salama, basi la Dar linaondoka alfajiri. Salio la yule mama likaisha hapohapo.

Basi lilichelewa. Tuliharibikiwa na tairi Mafinga, tukateremka Kitonga giza limeshaingia, Mikumi sikuona hata mnyama mmoja. Tukaingia Mbezi Luis saa kumi za usiku. Alikuwa hapo tangu saa mbili ya jioni. Masaa manane mazima. Alikuwa na chupa mbili za maji, moja kila mkono, na hakujua pa kuziweka ili anishike, kwa hiyo alinipa moja. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana.

Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Ana kovu kwenye mkono wa kushoto ambalo sikuwahi kuliona. Nataka kusema ukweli hapa kwa sababu hakuna aliyeniambia kabla: nilikuwa nimesimama na mtu mgeni. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka kwenye mwili nisioujua, na mwili huo ulinitia aibu. Tulipopanda bajaji nikafumba macho. Alidhani nimechoka. Nilikuwa namsikiliza. Nilipofumba macho alirudi, yule ninayemjua. Nikafumbua, akaondoka. Ilichukua kama siku mbili hivi mpaka wale wawili wakawa mtu mmoja, na ilitokea bila mimi kuona. Tulikuwa tunakula mihogo ya kukaanga Coco Beach, akakohoa ile kikohozi chake, nikamtazama na alikuwa mzima, sauti na uso.

Kwa hiyo anayekwenda asiogope saa za kwanza. Asizifanyie uamuzi wowote, wa ndiyo wala wa hapana.

Gesti nilikuwa nimeilipia. Aliniacha mlangoni bila neno la kuniaga, na nilijua amekasirika. Asubuhi alikuja dada yake na begi lake la nguo, akasema, "Wifi, mimi nalala huku na wewe. Huyo kaka yangu hajui hata wanawake wanaogopa nini." Tumelala chumba kimoja tangu siku hiyo. Ameniambia mambo ya kaka yake ambayo yeye mwenyewe asingeniambia, mazuri na mabaya. Alikuwa na mchumba, wakaachana 2021. Ana deni la pikipiki. Nilimuuliza yote mawili usiku huohuo, akayajibu bila kukohoa.

Siku ya nne akanipeleka kwa mama yake, Temeke. Niliingia nikasema, "Jambo mama," nikanyoosha mkono kama tunavyofanya kwetu. Mama alinyamaza. Alikuwa anangoja. Sisi Lubumbashi shikamoo tunaijua kwenye filamu, hakuna anayemwamkia mzazi wake hivyo, na jambo ni salamu yenye heshima zote. Yeye aliona mgeni asiye na adabu ameingia nyumbani kwake. Wifi akaninong'oneza, nikasema shikamoo, akaitika marahaba, lakini lile jambo la kwanza lilibaki sebuleni pamoja nasi.

Halafu nikaongeza lingine. Jirani aliuliza mimi ni nani, nikamjibu kwa unyenyekevu wote kwamba sijawa bibi yake bado. Kwetu bibi ni mke. Kwao bibi ni mama wa mzazi. Walicheka mpaka mama akafuta machozi, na kicheko hicho kilinisaidia kidogo.

Jikoni ndiko mambo yalikogeuka. Mama alikuwa na majani kwenye kinu. Nikasema, "Hii ni sombe!" Akasema ni kisamvu. Nikaomba mchi. Nilitwanga kama mama alivyonifundisha, kwa mapigo mafupi na kitunguu saumu ndani, na nikamwona anaitazama mikono yangu. Akaniuliza huwa tunaunga na nini. Nikamwambia mawese. Akanikalisha kwenye mbuzi, akanipa nusu ya nazi, akanishika kifundo cha mkono kunionyesha namna ya kuizungusha ili nisikune mpaka kwenye ganda jeusi. Alikuwa bado ameushika mkono wangu alipouliza:

"Wewe ni Mkristo, mwanangu?"

"Ndiyo mama. Mkatoliki."

"Na watoto je?"

Sikuwa na jibu. Miaka miwili, kila usiku, na hilo tulikuwa tunalipita kwa utani. Kwenye simu dini yake ilikuwa ni adhana ninayoisikia kwa mbali, akaniambia ngoja kidogo, nikangoja. Jikoni kwa mama yake ilikuwa ni watoto ambao hawajazaliwa. Nikamtazama yeye mlangoni. Alitazama chini.

Tulipanda pantoni kwenda Kigamboni jioni ile na kurudi, kisha tukapanda tena, bila kushuka mjini. Tuliongea yote. Alikiri kwamba aliogopa kuniuliza nisije nikakata simu. Mimi pia. Sijakasirika naye. Nimesikitika kwamba tulijuana kila kitu isipokuwa hicho.

Mtu wa Temeke:

Dada, pole kwa simu, na hongera kwa kinu. Mama wa Temeke akikupa mbuzi ya nazi ukakalia, ujue amekupokea.

Kuhusu dini, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya bomani kwa watu wa dini tofauti, kila mmoja akabaki na yake. Wapo wengi mtaani kwangu. Kwa upande wa Uislamu, mwanaume kumuoa Mkristo si kitu kigeni. Ila mama hakuuliza sheria, aliuliza watoto. Hilo halina boma la kulijibu, mlijibu wenyewe kabla ya wazee kukaa.

Yaya wa Ndosho:

Nimesoma nikalia. Nauli ya kurudi bado unayo?

Kafubu:

Ninayo yaya. Iko kwenye soksi ileile.

Kafubu:

Wapendwa, nimerudi kwenye uzi huu baada ya miezi miwili kwa sababu wengi mmeniandikia kuuliza.

Nilirudi Lubumbashi kwa siku niliyopanga. Alitaka nikae wiki moja zaidi, nikakataa, na alipoona kweli nimepanda basi aliinua mkono mmoja tu, kwa kuwa ule mwingine alikuwa ameshika chupa ya maji aliyosahau kunipa.

Nilikwenda kwa paroko wangu. Aliniambia Kanisa linaweza kutoa ruhusa, lakini ni ya askofu, na kwamba mimi nitaulizwa nitafanya nini kuhusu ubatizo wa watoto. Swali lilelile la jikoni. Nilimtumia mpenzi wangu maneno hayo neno kwa neno. Tumelibishana wiki tatu. Kulikuwa na siku nne hatukuongea kabisa, za kwanza tangu tujuane, na usiku saa mbili nilikuwa naigeuza simu kifudifudi ili nisiione. Siku ya tano alipiga kuuliza habari ya kontena ambalo wote wawili tulijua limeshatoka. Hatujamaliza. Lakini sasa tunaliongea kwa jina lake.

Baba nilimwambia mwenyewe. Alimaliza bukari yake yote, yaani ugali, kimya, akanawa, akauliza kitu kimoja: "Atakuja na nani?" Hakuuliza dini, hakuuliza kazi. Maana mwanaume anayekuja peke yake kwa baba wa mtu hajaja. Nikampelekea swali hilo Dar usiku uleule. Kumbe baba yake mkubwa aliendesha lori za shaba miaka mingi, Lubumbashi anaijua tangu zamani, na Kiswahili chetu anakiweza. Aliponiamkia kwenye simu alisema, "Jambo yako, mutoto." Nilishindwa kumjibu kwa muda.

Wanakuja wote wawili. Nimewaambia habari ya kadi ya njano kama mlivyoniambia mimi. Hata kuingia Kongo inatakiwa. Wamechanjwa juzi, amenitumia picha ya kadi zote mbili zimelazwa kwenye meza ya mama yake, nikazikagua tarehe na mihuri kama hati za mzigo. Zimebaki siku nane zianze kuhesabika. Nitawangoja Kasumbalesa, upande wetu.

Mama tangu asubuhi ananiuliza kitu kimoja, na mimi sijui: nani hapa Lubumbashi anauza nazi mbichi? Anayejua soko aniandikie.